Huduma ya kutibu mchwa, Kihonda, Morogoro

Kampuni ndogo iliyotibu mchwa nyumbani kwetu inastahili sifa kwanza kwa ukaguzi wake. Mafundi hawakukimbilia kupuliza dawa ukutani, kama wengi wafanyavyo. Walianza kwa kugonga fremu za milango kwa mpini wa bisibisi, wakisikiliza mahali palipo wazi ndani, kisha wakafuata njia ya udongo, nyembamba kama penseli, iliyopanda kutoka kwenye msingi nyuma ya kabati la jikoni hadi kwenye kenchi. Walibomoa kipande chake, na mchwa weupe walipotokeza, ikathibitika kwamba njia hiyo ilikuwa bado inatumika.

Walitumia dawa yenye fipronili, ambayo mchwa hawaitambui wala hawaikwepi, bali hupita ndani yake, huibeba mwilini na kuwaambukiza wenzao, na ndiyo maana matokeo yake hayaonekani papo hapo. Walichimba mtaro kuzunguka msingi, wakatoboa sakafu kando ya kuta, wakamimina dawa na kuziba matundu kwa saruji. Kazi hiyo ya ardhini ndiyo ninayoithamini zaidi, kwa kuwa kupaka mbao oili chafu peke yake huliacha kundi zima salama chini.

Hata hivyo, hawakutoa maelezo yoyote ya usalama mpaka tulipouliza, ilhali dawa hii ni sumu kali kwa nyuki na samaki, na watoto hawapaswi kugusa eneo lililotibiwa kabla halijakauka. Bei ilijumuisha ukaguzi wa marudio, nao waliufanya bila kukumbushwa.