Ndoano ya springi za breki: miezi saba mkononi mwangu

Juu ya jicho langu la kushoto, kwenye nyusi, kuna kimstari ambacho nywele hazioti. Wateja wapya hudhani niliwahi kupigana kilabuni. Ni springi ya breki ya tela. Tulikuwa kwenye yadi moja pembeni ya Barabara ya Mandela, nimeibana springi kwa vaisgripi, lile koleo linalojifunga, mguu nimeukanyagia kwenye ekseli, navuta kwa nguvu zote, vaisgripi ikaachia. Springi sikuiona ikipita. Nilisikia bati la uzio likilia nyuma yangu, halafu damu ikaanza kuniingia jichoni.

Baada ya hapo niliendelea na vaisgripi ileile miaka mingine mingi. Ndivyo tulivyo mafundi. Mpaka mwaka huu, nilipokwenda mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, kutafuta riveti za lainingi, yaani zile pedi za breki zinazolika, nikaona chuma kimening'inia juu ya mlango wa duka, kichwa kimepinda kama ndoano ya papa. Nikauliza ni cha nini.

"Hiyo ya springi za breki, mkuu. Kuanzia Fuso mpaka semi."

Akaanzia elfu hamsini, tukamalizana elfu thelathini na nane. Risiti hakuna, chapa inayosomeka hakuna, karatasi ya maelekezo hakuna. Hata jina sikupewa, kwa hiyo gereji kwetu tunaiita ndoano, nanyi nitawaitia hivyohivyo.

Ni pau la chuma la nusu mita hivi. Upande mmoja kuna hiyo ndoano fupi, na chini yake kidogo chuma kimetuna, kimefanywa kisigino. Upande wa pili ncha imechongwa mfereji, kama kijiko kilichokatwa kichwa. Kutoa springi unaingiza ndoano kwenye kigoe chake, kisigino unakiegemeza kwenye ukingo wa shuu, kile chuma cha upinde kinachobeba lainingi, kisha unakandamiza pau kama mtu anayefungua soda. Kigoe kinanyanyuka juu ya pini na kutoka. Kurudisha, unageuza: ncha yenye mfereji unaisimamisha juu ya pini, kigoe cha springi unakivisha kwenye pau, unainua, chenyewe kinateremka kwenye mfereji mpaka kinakaa kwenye pini. Tap. Huo mlio mdogo ndio nilioulipia elfu thelathini na nane.

Kwa wenye magari wasiolala chini ya magari: breki ya dramu ya semi inafanya kazi kwa upepo. Dereva akikanyaga, upepo unaingia kwenye chemba, chemba inasukuma fimbo, fimbo inazungusha slaki ajasta, nayo inazungusha kamshafti ambayo kichwa chake kimekatwa kama herufi S. Ile S ikizunguka inazisukuma rola mbili, rola zinazitanua shuu, lainingi zinabana dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Dereva akiachia mguu, kinachozirudisha shuu mahali pake ni springi. Ikilegea, shuu zinabaki zinalamba dramu kilomita zote, na utakuja kuniambia tairi inanuka. Kwa hiyo watengenezaji wameifanya iwe ngumu kwelikweli, na ugumu huohuo ndio unaotupasua nyuso.

Kazi ya kwanza ya ndoano ilikuwa tela la ekseli tatu lililorudi kutoka Tunduma. Dereva alisema mlima Kitonga aliteremka breki zikitoa moshi, na alipofika kwetu haabu (kitovu cha gurudumu) moja ya nyuma ilikuwa bado ina rangi ya bluu iliyoungua. Magurudumu sita, maana yake springi kubwa sita za kutoa na sita za kurudisha, achilia mbali zile ndogo za upande wa pini za kushikilia. Nilianza saa mbili asubuhi na dogo wangu. Adhuhuri tulikuwa tumeshamaliza kutoa shuu zote na tunazipiga riveti, na hakuna aliyenyonya kidole.

Ila niwe mkweli. Kwenye kutoa, ukiijua kazi, ndoano hata huihitaji sana. Unarudisha slaki ajasta nyuma mpaka S ya kamshafti ikae kwenye ubapa wake, unasukuma shuu ya chini, unavuta klipu ya rola, rola inatoka. Unanyanyua ya juu, nayo vilevile. Rola zote zikishatoka, shuu zinasogeleana, springi inalegea yenyewe, unaichomoa kwa mkono. Hivyo ndivyo kazi inavyotakiwa, na mafundi wengi wa hapa mjini hawaifuati kwa sababu wameshazoea kupigana na springi ikiwa imekaza. Ndoano inakuokoa pale ambapo klipu zilishaliwa na kutu, rola zimeganda kwenye shuu kwa grisi iliyokaukia na vumbi, na hakuna kinachosogea. Kwenye matela ya kokoto na ya saruji hiyo ndiyo hali ya kila siku.

Faida yake hasa iko kwenye kurudisha. Na siyo suala la nguvu, nguvu ninazo. Ukivuta kwa vaisgripi, mwili wako wote uko kwenye njia ambayo springi itapita ikiponyoka. Ukitumia pau, unasimama pembeni. Ikitoka kwenye mfereji inaruka kuelekea ekseli, siyo kuelekea kwako. Imeshaniponyoka mara mbili na mara zote ilipiga chuma. Hilo dogo alilielewa kabla yangu, maana yeye ndiye alikuwa anaambiwa ashike tambara kufunika springi nikivuta, kazi asiyoipenda hata siku moja.

Sasa mabaya yake. La kwanza, kichwa ni kipana mno. Kuna ekseli ambazo springi imekaa katikati ya mbavu mbili za shuu, na ndoano haipiti pale katikati bila kugonga huku na huku. Niliikwangua kwa grainda pande zote mbili, kidogo kidogo, nikimwagia maji kila dakika chuma kisiungue kikapoteza ugumu wake. Ukikwangua mpaka kikawa bluu umeshakiharibu. Kitapinda kama waya. Kifaa kinachouzwa kuwa ni cha "Fuso mpaka semi" hakikutakiwa kuhitaji grainda yangu.

La pili, mshiko. Wameuvalisha plastiki nyekundu inayopendeza dukani, mkono ukiwa na grisi inateleza kama kambale. Wiki ya pili niliichana kwa kisu nikazungushia mpira wa tyubu ya baiskeli. Imetulia mpaka leo.

La tatu lilikuwa kosa letu. Mwezi wa tatu dogo alikutana na springi kaidi, akachomeka paipu kwenye pau ili kurefusha, akaning'inia. Springi ilitoka, lakini ndoano nayo ilifunguka kiasi cha unene wa sarafu. Tangu hapo inashika kigoe kwa ncha tu, haishiki kwa tumbo. Wapo waliosema nipeleke ikachomelewe. Sikukubali. Ukichomelea chuma cha namna hiyo pembeni ya mpindo unatengeneza mahali pa kukatikia, na kikikatika mimi ndiye nitakuwa nimekiegemea.

Nilichofanya ni kuipeleka kwa mhunzi mmoja, Gerezani hukohuko, nikampa na kipande cha hafshafti ya gari iliyokatika, anifulie nyingine ya umbo hilohilo. Alinitoza elfu ishirini na tano. Haina sura: nyeusi, nzito, alama za nyundo zinaonekana mwili mzima, na mfereji wake haukunyooka vizuri. Lakini ndoano yake haijafunguka hata kidogo, na kichwa nilimwambia akifanye chembamba tangu mwanzo. Kwa shuu za juu, ambapo mkono unachoka, natumia ya dukani kwa sababu ni nyepesi. Kwa springi mpya ambazo hazijawahi kuonja moto natumia ya mhunzi.

Nikitaja springi mpya, kuna mteja mmoja tulikwaruzana kwa sababu hiyo. Watengenezaji wa breki wanashauri kubadilisha springi kila unapobadilisha lainingi, pamoja na rola na pini. Yeye aliona nataka kumla hela. "Fundi, springi si inakatika ndiyo unabadilisha?" Sikubishana. Nilichukua springi yake na mpya nikazilaza juu ya boneti ya gari dogo, jua la saa saba. Mpya, mizunguko yake imebanana, hata unyoya haupiti. Yake ilikuwa ndefu zaidi kwa upana wa kidole, na kati ya mzunguko na mzunguko ungeona rangi ya boneti. Iliiva Kitonga, ikapoa, ikaiva tena, mpaka ikasahau urefu wake. Akatoa hela, ingawa salamu zake zilipoa kwa muda.

Ndoano ina hatari moja isiyotokana na chuma chenyewe: watu wakiiona wanadhani inafungua kila kitu chenye springi. Fundi wa gereji ya jirani alikuja kuiazima, mtu ninayemheshimu, amenitangulia kwenye kazi hii. Nikamuuliza ya nini, kaka. Akasema anataka kufungua chemba ya nyuma, ile ya hendibreki, abadilishe diafragma, ule mpira wa ndani. Nilikataa kumpa na alinuna. Springi iliyomo mle haina undugu na hizi zetu za shuu. Ile imebanwa ndani ya chemba kwa nguvu za kushikilia lori zima lisitembee upepo ukiisha, na ule mkanda wa kufungia ukiachia inaua. Chemba ya upande huo haifunguliwi, inabadilishwa nzima. Kinachoruhusiwa ni kuchomeka bolti yake ya T na kuikaza ili springi ikae imefungwa wakati unafanya kazi nyingine, na hata kabla ya hapo tairi ziwe zimeshawekewa vigingi, maana ukishaifunga hiyo springi hendibreki haipo tena. Siku ya tatu alirudi na chemba mpya, akaniomba nimshikie taa. Tukacheka.

Vumbi pia. Usipulize dramu kwa kompresa ili "kupaona" pa kuingiza ndoano. Lainingi za zamani nyingine zilitengenezwa kwa asbesto, na hutazijua kwa macho. Loweka kwa maji, futa kwa tambara, ndipo uingize chuma chako.

Je, ununue? Kama tela linakufikia mara moja kwa mwezi, njoo uazime yangu, kwa sharti kwamba paipu unaiacha kwako. Kama unashinda chini ya matela kila wiki, nunua, ila usiichague kwa rangi ya mshiko. Ukienda beba springi moja mkononi, iingize kigoe kwenye ndoano palepale mlangoni uone inakaa kwa tumbo au kwa ncha, na utazame kama kichwa kitapita kati ya mbavu za shuu unazozifunga wewe. Safari ya pili, nilipokwenda kumchukulia rafiki yangu wa Tabata, muuzaji aliniona naingia na springi nyeusi ya mafuta begani, akapiga makofi, akashusha boksi zima chini nichague mwenyewe. Kati ya kumi na mbili nilipata mbili.