Kozi fupi za vyuo vikuu Dar: soma ratiba kabla ya kulipa

Ukitaka kujua kozi fupi inafaa au haifai, omba ratiba yake ya saa kwa saa kabla hujauliza bei. Jina la chuo halikuambii mengi, na picha za washiriki waliopiga foleni kupokea vyeti hazikuambii chochote.

Chukua kozi ya siku tano, saa 2:30 asubuhi hadi saa 10:30 jioni. Waajiri wa Dar wanaipenda, maana mfanyakazi anaruhusiwa wiki moja na shughuli imekwisha. Tangazo litasema saa 40. Toa nusu saa ya chai na saa moja ya chakula kila siku, zinabaki 32 na nusu. Toa utambulisho na ufunguzi wa Jumatatu, toa ugawaji wa vyeti na picha ya pamoja Ijumaa alasiri, umebaki na saa 29 hivi. Nusu yake ikienda kwenye slaidi, mikono yako itagusa kazi kwa saa 14 na ushee. Sasa linganisha na kozi ya jioni ya saa tatu, mara mbili kwa wiki, kwa wiki nane. Hizo ni saa 48, na katikati ya vipindi unapata siku za kujaribu ofisini ulichofundishwa na kurudi na maswali. Kwa stadi za kompyuta na lugha, chagua ya jioni bila kusita. Ya siku tano inafaa pale unapohitaji kusasisha jambo ambalo msingi wake unao: sheria mpya, kanuni mpya, mfumo mpya wa serikali.

Kozi za uchambuzi wa takwimu ndizo zenye tofauti kubwa kati ya nzuri na mbaya. Utazikuta Mlimani (Chuo Kikuu cha Dar es Salaam), Muhimbili na kwingineko, kwa programu za SPSS, Stata, R au Excel. Mbaya utaijua siku ya kwanza: unapewa data safi, unaonyeshwa wapi pa kubofya, jedwali linatoka, kila mtu anafurahi. Ukirudi kazini na faili lako, hakuna kinachokwenda. Mkufunzi anayejua kazi anaanza na data chafu. Namba za simu zilizoingia Excel kama tarakimu na kupoteza sifuri ya mbele, ikabaki 754 badala ya 0754. Tarehe 03/04/2024 ambayo kompyuta moja inaisoma Aprili na nyingine Machi. Wilaya moja iliyoandikwa kwa tahajia tatu, ikahesabiwa kama wilaya tatu. Kusafisha vitu hivi kunastahili angalau theluthi ya kozi, kwa sababu ndiko muda wa mchambuzi unakoishia.

Kipimo kingine ni uzito wa sampuli, yaani kiasi ambacho kila aliyehojiwa anahesabiwa ili matokeo yafanane na nchi nzima. Ukifundishwa kwa mafaili ya DHS, utafiti wa afya na idadi ya watu ambao umefanyika nchini mara kadhaa, muulize mkufunzi safu ya v005, inayobeba uzito huo, inatumikaje. Jibu sahihi ni fupi: igawanye kwa 1,000,000 kwanza, ndipo uitumie kama uzito, na uieleze programu makundi ya sampuli na matabaka yake. Asiyefanya hivyo anapata asilimia zisizolingana na ripoti iliyochapishwa, halafu anadhani ripoti ndiyo yenye makosa. Kama mkufunzi anaikwepa v005, tafuta kozi nyingine.

Kuhusu programu yenyewe, napendelea kozi za R kwa mtu anayejilipia. SPSS ya kozi mara nyingi ni nakala ya majaribio inayokufa baada ya wiki chache, na ofisi nyingi ndogo hazina leseni. R ni ya bure na unabaki nayo. Na ukipeleka data ya kazini kwa ajili ya mazoezi, ondoa majina, namba za simu na namba za NIDA kwanza. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haina msamaha kwa sababu tu mlikuwa darasani.

Ramani za kompyuta, yaani GIS, zisome mahali penye wapima ardhi halisi. Ndiyo maana Chuo Kikuu Ardhi, jirani wa Mlimani, kina nafasi yake hapa. Kosa linalowaumbua wengi baada ya kozi ni mfumo wa viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali kwenye ramani. Simu yako inatoa nukta kwa WGS 84, mfumo wa dunia nzima, ilhali ramani za zamani za nchi yetu za kipimo cha 1:50,000 zimechorwa kwa Arc 1960, mfumo wa zamani wa ukanda wetu. Ukizilaza pamoja bila kubadilisha, kila kitu kinasogea takriban mita 300. Kwa Sinza au Manzese, hiyo ni mitaa kadhaa. Kosa la pili ni kanda ya UTM, mfumo unaoigawa dunia katika kanda za ramani zenye namba. Dar iko kanda 37 Kusini, Dodoma iko 36 Kusini. Ukiziambia nukta za Dodoma kuwa ni za kanda 37, zitaangukia Bahari ya Hindi, mbali mashariki ya Zanzibar. Kozi nzuri inakufanya ulikosee kosa hili darasani, ulione kwa macho, kisha ulirekebishe kwa msimbo wa mfumo sahihi kwenye programu: 32737 kwa WGS 84 kanda 37 Kusini, 32736 kwa kanda 36, na 21037 kwa Arc 1960 kanda 37. Usiondoke bila kufanya zoezi hilo peke yako, mkufunzi akiwa ameondoa mkono kwenye kipanya. QGIS, programu ya kutengenezea ramani, ni ya bure, lakini faili lake la kusakinisha ni kubwa. Washiriki 20 wakilipakua pamoja kwa Wi-Fi ya darasa, asubuhi nzima imekwisha. Lisakinishe nyumbani, na ubebe waya wa kuunganishia umeme wenye matundu mengi, kwa sababu soketi za ukutani hazitoshi karibu kila mahali.

Mitandao ya kompyuta nitaipitia haraka. Kituo cha Kompyuta cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinajulikana kwa kozi za aina hii. Angalizo ni moja: cheti cha kumaliza masomo ya CCNA si CCNA. CCNA yenyewe ni cheti cha mitandao cha kampuni ya Cisco, kinachopatikana kwa mtihani namba 200-301, dakika 120, unaolipiwa kivyake kwa dola za Marekani, na ukifaulu cheti kinadumu miaka mitatu. Uliza kama ada uliyotajiwa ina mtihani ndani yake. Kwa kawaida haina.

Kozi za ununuzi wa umma na za maadili ya utafiti zina tatizo la kuchacha. Kabrasha linaweza kuwa limechapwa vizuri na bado likafundisha sheria iliyofutwa. Kwa ununuzi, angalia kama mtaala unataja Sheria ya Ununuzi wa Umma ya mwaka 2023 na kanuni zake za 2024, na kama mazoezi yanafanyika kwenye NeST, mfumo wa serikali wa ununuzi kwa mtandao. Ukiona TANePS, mfumo uliotangulia, imejaa kwenye slaidi, hizo ni za zamani. Kwa watafiti wa tiba wanaotafuta cheti cha GCP, yaani utaratibu bora wa kufanya majaribio ya tiba kwa watu, mwongozo wake wa kimataifa, ICH E6, ulipata toleo la tatu Januari 2025. Kozi inayoishia kwenye toleo la pili la 2016 itakurudisha darasani mapema kuliko ulivyopanga.

Sasa cheti. Kuna cheti cha kuhudhuria, ambacho unapata kwa kukaa kitini, na kuna cheti cha kufaulu, ambacho kina mtihani au kazi iliyosahihishwa. Mwajiri makini anauliza cha pili. Kama unahitaji saa za kujiendeleza kitaaluma kwa ajili ya bodi yako, iwe NBAA kwa wahasibu au ERB kwa wahandisi, ipigie bodi kabla ya kulipa na uulize kama kozi hiyo, kwa jina na tarehe zake, inahesabiwa. Usitegemee neno la mtu wa masoko wa chuo. Usitegemee pia kwamba saa zako zitahamia kwenye shahada. Kwa mfumo wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, krediti moja ni saa 10 za kujifunza, na kozi fupi haina krediti mpaka iandikwe wazi kwamba inazo.

Malipo kwenye vyuo vya umma hufanyika kwa namba ya malipo ya serikali, ile ya tarakimu 12 inayoanzia na 99, kupitia benki au simu. Ukipewa namba ya simu ya mtu binafsi, acha. Namba ya malipo ina tarehe ya mwisho, kwa hiyo usiiombe mpaka uwe na fedha na uwe na uhakika kozi inafanyika. Kinachoharibika mara nyingi zaidi ni kozi kuahirishwa kwa sababu idadi haikutimia, na kurudishiwa fedha iliyokwisha kuingia serikalini huchukua muda mrefu. Tuma barua pepe uulize mambo mawili: idadi ya chini ya washiriki ni ngapi, na ikiahirishwa fedha inahamia awamu ijayo au inarudi. Majibu ya mdomo hayatakusaidia.

Foleni nayo ni sehemu ya gharama. Ukitoka Posta saa 11 kamili jioni, kipindi cha saa 11:30 Mlimani umekikosa. Mwendokasi hadi Ubungo kisha bajaji au daladala ni afadhali kuliko gari binafsi. Anayefanya kazi katikati ya jiji atafute kwanza kozi za IFM (Chuo cha Usimamizi wa Fedha), Mtaa wa Shaaban Robert, ambako unafika kwa miguu.

Waliokuja kwa kupenda tu, bila bodi wala bosi, wengi huchagua lugha. Taasisi ya Confucius ya Mlimani inafundisha Kichina, nayo TATAKI, Taasisi ya Taaluma za Kiswahili, inafundisha Kiswahili kwa wageni, na mgeni anayehamia Dar hana sababu ya kutafuta mbali. Hapa idadi ya wanafunzi ndiyo kila kitu. Kipindi cha dakika 90 chenye watu 30 kinampa kila mmoja dakika tatu za kusema, hata mwalimu akinyamaza kabisa. Tafuta darasa la watu 12 au pungufu, na uombe kupimwa kiwango ili usikae mwezi mzima na wanaojifunza salamu. Kwa Kichina uliza pia rekodi za sauti zinatolewaje, kwa sababu toni nne hazisomeki kwenye fotokopi ya kitabu.