Kozi ya video ya mshiko wa kimura: uzoefu wangu

Kimura ni mbinu ya jiu-jitsu ya Brazil, mchezo wa kukabana mkekani: unaupinda mkono wa mwenzako mpaka bega limlazimishe kusalimu amri. Kama unatafuta njia kumi za kumng'oa mtu bega, kozi hii itakuudhi. Video za mwanzo hakuna anayegonga mkeka, yaani kusalimu amri. Ni mshiko tu: mkono mmoja umekamata kifundo cha mkono cha mwenzako, wa pili umepita juu ya mkono wake na kuja kushika kifundo chako mwenyewe. Dole gumba linakaa upande mmoja na vidole vingine. Kiwiko chake unakibana kifuani kwako, na ukiruhusu kiachane na kifua, umeshaupoteza.

Pale ninapofanyia mazoezi, kimura tunaijua ya kuvizia. Mkono umezubaa, unaudaka, unaukunja kuelekea mgongoni. Jamaa akiwahi kushika mkanda wake unaachia na kutafuta kingine. Kozi inakataza kabisa huko kuachia. Mshiko ni mpini, na aliyeshika mpini ndiye anayeamua mwenzake aelekee wapi. Ameng'ang'ania mkanda? Vizuri, mkono huo hauna kazi nyingine tena. Unampindua ukiwa chini kwenye nusu gadi, yaani umelala na mguu wake mmoja umeubana kati ya miguu yako, na akigeuka kukukimbia unaingia mgongoni.

Hiyo sehemu ya kuingia mgongoni ndiyo iliyonirudishia hela yangu. Kuna mwenzetu wa mkanda wa bluu, mzito kunizidi sana, siku hizi akihisi tu vidole vyangu vimefungana anaanza kuguna.

Jina ni la Masahiko Kimura, mwanajudo wa Japani aliyembana Hélio Gracie, mmoja wa waasisi wa jiu-jitsu ya Brazil, uwanjani Maracanã, Rio de Janeiro, mwaka 1951. Hélio alikataa kugonga mpaka wasaidizi wa kona yake wakasalimu amri. Lakini kwa somo hili mimi ningeonyesha pambano la mpiganaji wa Japani Kazushi Sakuraba na Renzo Gracie, wa ukoo wa Hélio, la mwaka 2000. Renzo yuko nyuma yake, wamesimama, yaani Sakuraba ndiye aliye pabaya. Ila mshiko anao, hauachii, anazunguka nao mpaka chini, na kiwiko cha Renzo kinateguka. Ajabu ni kwamba kozi haigusi kabisa mtu akikukumbatia kwa nyuma mkiwa wima!

Malalamiko mengine: anayefanyiwa mbinu kwenye video ni mpole mno, na yeye na mwalimu wana umbo moja. Sisi wembamba tunaoshindwa kuupitisha mkono wa pili juu ya mkono wa mtu mnene tumesahaulika. Video nazo hazipakuliki, kwa hiyo bando linakwenda.

Ukinunua, ruka moja kwa moja hadi sehemu ya nusu gadi, ndiyo urudi mwanzo. Na unapojaribu na mwenzako, zungusha taratibu, maana bega halitoi onyo refu. Yeye naye agonge mapema, asisubiri maumivu.