Mtumbwi wangu wa kwanza wa maji ya kasi: nina kilo 118, nikachukua Outrage X

Kama una mwili kama wangu, kilo 118 na viatu namba 47, puuza kwanza ile namba ya uzito wa juu wanayoiandika kwenye maelezo ya mtumbwi. Mara nyingi namba ile inakuambia tu kwamba chombo kitaubeba uzito huo. Mara nyingi haisemi ubavu utabaki juu ya maji kwa kiasi gani ukishapiga magoti ndani, na kwenye mto wa mawe na mawimbi hilo ndilo swali.

Naishi North Carolina, Marekani, na mto ninaoujua ni Nantahala. Ni kama kilomita 13 za maji yanayofunguliwa kutoka bwawa la umeme, na kwa kuwa yanatoka chini kabisa ya bwawa, hata Julai ni baridi kama ya friji. Kwa kipimo cha ugumu wa mito, sehemu kubwa ni daraja la 2, halafu karibu na mwisho unakutana na Nantahala Falls, daraja la 3. Wengi hushuka kwa raft, lile boti la mpira la kujazwa upepo, kama wanavyofanya watu Sagana au Jinja, au kwa kayaki, kile chombo chembamba kilichofunikwa juu. Mimi kayaki zilinishinda kabla ya kuingia majini: miguu haiingii. Nikataka mtumbwi wa wazi wa mtu mmoja, ule wa kupiga magoti na kutumia kafi lenye bapa moja.

Nilianza kwa kukodi, na nashukuru. Kijana wa dukani alinipa mtumbwi mfupi wa plastiki, wa futi 9 hivi, akasema unabeba hadi watu wakubwa kuliko mimi. Kwenye maji tulivu ulikuwa raha tupu, unageuka ukiufikiria tu. Wimbi la kwanza likaingia kwa omo, yaani mbele ya mtumbwi, la pili likaingia ubavuni, na hapo hesabu ikaanza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ndoo tano za lita 20 ni kilo 100, yaani bonge jingine la mtu limepanda, na huyu wa pili anakimbilia kila upande unaoinamia. Mtumbwi ukijaa hausikii kafi tena. Kila nilipopata mwamba wenye maji tulivu nyuma yake nilikuwa nafua maji, huku mwenzangu wa kilo 70, kwenye mtumbwi wa aina ile ile, ananisubiri akiwa karibu mkavu. Chombo hakikuwa kibaya. Kilichongwa kwa ajili ya mwili wake, si wangu.

Nilichonunua ni Outrage X ya Mad River Canoe, iliyotumika, kwa dola 700. Ni Outrage ya kawaida iliyorefushwa, takriban futi 13. Imetengenezwa kwa Royalex, matabaka ya plastiki yenye povu katikati, ambayo ikikumbatia jiwe hubonyea kisha hurudi. Uzalishaji wa Royalex ulisimama mwaka 2014, kwa hiyo usitegemee kuipata mpya. Kampuni ya Esquif ya Quebec, Kanada, walikuja baadaye na T-Formex kuziba pengo hilo, lakini mtumbwi mpya utakugharimu zaidi ya mara mbili ya nilicholipa.

Majini tofauti ni kubwa. Omo inapanda juu ya wimbi badala ya kulichoma, na ubavu una nafasi ya kutosha kuniruhusu nikosee kuinama. Mbavu zake za mviringo zinalala taratibu na kukupa muda wa kuegemea kafi. Kwa mtu mzito hili lina maana yake: ukipiga magoti, kifua na tumbo vyote viko juu, na mwili mkubwa ukishaanza kwenda hauna breki.

Lakini mtumbwi mtupu ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni tandiko, lile povu unalokalia ukiwa umepiga magoti, na hapa ndipo watu wakubwa wanapoumia. Tandiko lililokuwemo lilikuwa fupi kwangu. Vifundo vya miguu vilikufa ganzi kabla sijafika katikati ya mto. Nililiinua kwa inchi moja ya povu, basi. Ukizidisha, unajinunulia mkao wa kuyumba. Kama mtumbwi una benchi badala ya tandiko, vaa viatu vyako vya mtoni na ujaribu kuchomoa miguu chini yake kwa haraka. Vikikwama nchi kavu, vitakwama ukiwa kichwa chini. Usinunue mpaka benchi liinuliwe.

Kabla ya kugandisha tandiko kwa gundi, liweke tu, panda kwenye maji tulivu, mwenzako akuangalie kutoka ukingoni. Omo ikizama kuliko tezi, yaani sehemu ya nyuma, rudi nyuma kidogo. Kwa mtu wa kilo 60 inchi moja si neno. Kwangu inchi moja iligeuza kabisa tabia ya mtumbwi. Na jaza mifuko ya hewa mbele na nyuma, mikubwa kadiri inavyoingia. Kila mahali penye hewa ni mahali ambapo maji hayatakaa.

Hasara zipo. Urefu una bei yake: kuingia nyuma ya mwamba mdogo lazima nianze kugeuza mapema, na vijana wa futi 9 wananicheka wakiwa wameshapumzika. Kuubeba kutoka mtoni hadi garini peke yangu, na mifuko na tandiko humo ndani, ni mazoezi ya gym ambayo sikuyalipia. Wangu una kingo za mbao, na mwenye nao wa kwanza aliuacha nje. Upande mmoja umeoza na nitaubadilisha.

Ukikosa Outrage X, tafuta Mohawk XL13, mzee mwingine wa futi 13. Ukitaka wa kisasa na mfupi zaidi, Covert ya Silverbirch ya Uingereza inatoka kwa saizi mbili, 9.3 na 10.5. Kwa mwili wetu ni 10.5, hata muuzaji aseme nini. Ila kama uko chini ya kilo 85, mtumbwi kama huu wangu utaelea juu mno na upepo utakusumbua. Kodi ule mfupi.