Mgeni wa kulalamika na mgeni wa kuuliza

Wote wawili wamehamia Zanzibar kutoka nje, na huandika mtandaoni kuhusu maisha ya huku. Wa kwanza anaandika kwamba fundi alimwahidi saa mbili, akamngoja mchana kutwa, hakutokea. Kumbe fundi alifika asubuhi, akapiga hodi mara tatu, akaondoka. Saa zetu za mchana huhesabiwa tangu jua linapochomoza. Saa mbili asubuhi ndiyo saa nane ya kwao. Wa pili angeuliza tu, “Asubuhi au usiku?”

Ramadhani ndiyo huwatenga kabisa. Mmoja analalamika kwamba migahawa imefungwa mchana. Mwenzake kamuuliza jirani sababu, na ikiadhiniwa magharibi mtoto anabisha mlangoni na sahani ya tambi na kaimati, imefunikwa kawa. Huyu ndiye ningependa kumsoma, hata akilalamikia umeme kukatika.