Uzoefu wangu: kutoa povu ndani ya bomba la kaboni kwa asetoni

Bidhaa ninayoieleza hapa ni asetoni ya kawaida (kimiminika kile kile cha kuondolea rangi ya kucha), dumu la lita 5, niliyoinunua Dar es Salaam katika duka linalouza vifaa vya faibaglasi. Niliinunua kwa kazi moja tu: kutoa kiini cha povu kilichobaki ndani ya bomba la nyuzi za kaboni nililolitengeneza mwenyewe nyumbani, kwa kuchonga povu umbo la bomba na kulivika kitambaa cha kaboni kilicholowekwa gundi inayokauka na kuwa ngumu. Bomba hilo ni la kupitishia hewa kutoka mbele ya gari langu hadi kwenye ea klina. Lina urefu wa sentimeta 55 na limepinda mara mbili kama herufi S, kwa hiyo hapakuwa na namna ya kulichomoa povu likiwa zima.

Wajenzi wa ndege za nyumbani wanaifahamu njia hii ya kuchonga povu na kulifunika kwa kitambaa na gundi bila kutengeneza kalibu. VariEze, ndege ndogo ya mbunifu Mmarekani Burt Rutan, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975, ilikuwa na mabawa ya povu la polistirini lililokatwa kwa waya wa moto na kuvikwa faibaglasi na epoksi, yaani gundi ya maji inayokuwa ngumu ikichanganywa na kigumishi chake. Katika bawa, hata hivyo, povu huachwa humo humo kwa sababu linasaidia kubeba mzigo. Bomba la hewa lenye povu ndani ni gogo tu, na hapo ndipo asetoni inapohitajika.

Muuzaji alinihakikishia, "Kaka, hii inakula povu kama mchwa. Dakika tano tu, kazi imekwisha." Sasa nimemaliza mabomba matatu, mawili kati yake yakiwa yameishia jalalani, na ninaweza kusema kwamba alichoniambia ni nusu ya kweli.

Nusu iliyo kweli inafurahisha kuitazama. Povu nililotumia, lile jeupe lenye punje la kufungashia televisheni, nalo ni polistirini; ni hewa kwa takriban asilimia 98, na asetoni inapoligusa, kuta za punje hulainika na hewa yote hutoka kwa mpigo. Nilipomimina kikombe cha kwanza ndani ya bomba nililokuwa nimelisimamisha kwenye ndoo, nilisikia mchachariko kama wa soda iliyofunguliwa sasa hivi, na kiini kikazama mbele ya macho yangu. Hakikupotea, lakini. Asetoni haiyeyushi polistirini hadi ikawa maji. Huibadilisha kuwa ute mzito, mweupe, unaovutika kama mlenda, na ute huo hushika ukuta wa bomba, hasa katika kona ya ndani ya mpindo ambako kidole hakifiki. Kuliangusha povu kulichukua dakika chache kama nilivyoambiwa, ila kuutoa ute kulinichukua siku mbili.

Kilichoniokoa ni mizani ya jikoni. Kabla ya kuweka kitambaa nilikuwa nimepima kiini pamoja na selotepu yake nikapata gramu 46, na bomba zima lilipokauka likiwa na kiini chake lilikuwa na gramu 214. Maana yake bomba tupu lilitakiwa kufika gramu 168. Mwisho wa siku ya kwanza, baada ya kuliacha likauke vizuri, lilisoma 187, ingawa kwa macho niliona tundu safi upande huu hadi upande wa pili. Gramu 19 zilikuwa zimejificha humo. Siku ya pili nilimimina asetoni kidogo kidogo, nikaziba ncha zote mbili, nikalitikisa, kisha nikapitisha kitambaa cha pamba kilichofungwa kwenye kamba, mara saba au nane, hadi mizani ikasoma 169. Hapo niliridhika.

Selotepu niliyoitaja ni ile pana ya kahawia ya kufungia maboksi, nami nasisitiza kwamba isisahaulike. Bila selotepu, epoksi huingia katika mianya ya punje na kukauka humo, na povu likishatoka ukuta wa ndani unabaki na vipele kama ganda la fenesi, jambo lisilofaa kwa hewa inayopita kwa kasi. Epoksi haishiki vizuri juu ya selotepu, na asetoni haiyeyushi plastiki yake. Povu likishaanguka, unaishika ncha kwa koleo na kuivuta, nayo inatoka ndefu kama utumbo wa kuku.

Sasa kuhusu mabomba mawili yaliyoharibika. La kwanza halikufika hata kwenye asetoni: nilitumia gundi ya polista badala ya epoksi, na kwa kuwa polista ina stirini ndani yake, kimiminika kinachoyeyusha polistirini, ilianza kulila povu kabla sijamaliza tabaka la pili. La pili nililijenga kwa epoksi, lakini nilikuwa na haraka, nikalitumbukiza zima katika ndoo ya asetoni baada ya saa 24 tu na kuliacha usiku kucha. Asubuhi ukucha wangu uliacha alama juu yake, na kingo zilikuwa zimeachana tabaka kwa tabaka. Epoksi iliyokomaa huvumilia asetoni kwa muda mfupi. Ile ambayo bado ni changa hunyonya na kuvimba. Bomba la tatu nililiacha siku saba, ambapo siku tatu za mwisho lilikaa ndani ya sanduku jeusi juani, nami nikichungulia kipimajoto ili joto lisizidi nyuzi 60, kwa sababu povu hili huanza kulegea joto linapokaribia nyuzi 80. Safari hii sikulitumbukiza. Nilimimina ndani tu, na ukuta wa nje haukuguswa.

Aina ya povu nayo ni muhimu. Nilijaribu kipande cha povu la manjano kutoka kwenye friji bovu, kikakaa ndani ya asetoni siku nzima bila kuyeyuka, kwani hilo ni poliyurethani, plastiki ya aina nyingine. Anayetaka kuepuka hasara atumbukize kipande cha ukubwa wa ukucha katika glasi kabla hajaanza kuchonga.

Kuna walionishauri nitumie petroli kwa kuwa ni rahisi kupatikana. Nilikataa, na ninawasihi wengine wakatae, maana polistirini iliyolainishwa kwa petroli ni kitu kinachonata na kuwaka kwa muda mrefu. Asetoni yenyewe haina urafiki na moto: mvuke wake unaweza kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri, na kwa kuwa ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni. Nilianza kazi kwenye korido. Mama mwenye nyumba akatokea na jiko lake la mkaa, akanusa, akaniuliza, "Mwanangu, saluni umeifungua lini?" Nilimwomba radhi, nikafunga dumu mara moja, na kazi yote iliyofuata niliifanya uani, upande ambao upepo unaelekea mbali na majiko. Glavu nyembamba za bluu za hospitali hazikunisaidia. Ziliachia baada ya dakika chache, na vidole vikakauka hadi kupasuka. Anayefanya kazi hii mara kwa mara atafute glavu za mpira wa butili.

Kwa matumizi, bomba la tatu lilihitaji takriban lita moja na nusu, na karibu nusu ya hiyo niliirudisha, kwa sababu ute hutuama chini ya ndoo na asetoni iliyo juu huweza kumiminwa tena kwenye chombo chake. Ute haufai kumwagwa kwenye sinki, kwani asetoni hulainisha mabomba ya PVC. Niliuacha uani ndani ya kopo wazi, mbali na watoto, ukakauka kuwa donge gumu la plastiki linaloenea kiganjani, nalo ndilo povu lote lililokuwa limejaza bomba la sentimeta 55.