Ununue laptopu gani Mwanza ukitaka kujifunza Unix

Wanafunzi wa kompyuta wanaoniomba ushauri kabla ya kushuka mjini kutafuta laptopu ya mtumba huuliza sana hili: ipi ina Unix orijino? Nawajibu kwanza maana ya huo uorijino, kwa sababu wengine wameshalipia jina tu.

Unix ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoendesha kompyuta. Ilizaliwa 1969 katika maabara za Bell, Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie. Siku hizi jina UNIX ni alama ya biashara ya The Open Group, na mfumo endeshi hauitwi hivyo mpaka upimwe kwa vigezo vyao na kupata cheti. Ukoo hautoshi. FreeBSD, mfumo endeshi wa bure, ina damu ya Unix kupitia Chuo Kikuu cha Berkeley, lakini cheti haina. Linux, aliyoianza Linus Torvalds 1991, iliandikwa upya. Ilichukua desturi za Unix tu. macOS, mfumo wa MacBook za Apple, ilipata cheti 2007 kwa toleo la 10.5, na matoleo mengi yaliyofuata yamesajiliwa pia.

Pamoja na hayo, namba moja kwangu ni ThinkPad T480 iliyowekwa Debian, mojawapo ya aina za Linux. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine unaichomoa bila kuzima mashine. Umeme ukikatika Nyegezi jioni nzima, utaelewa ninachosema. RAM yake fundi yeyote anaiongeza. Debian ni bure, na amri kama ls, grep na awk utakazojifunza humo zitakufaa kwenye Unix yenye cheti pia. Ila kagua nywila ya BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya mashine, ungali dukani. Mdogo wangu aliuziwa moja iliyofungwa, tukazunguka kwa mafundi hadi Buzuruga bila kufua dafu. Iwashe, bonyeza F1, uone kama inakuruhusu kubadili mipangilio.

Ya pili ni MacBook Air yenye chipu ya Apple iitwayo M1, iliyotoka mwishoni mwa 2020. Hii ndiyo Unix halali ya kununua kama fedha ipo, na betri yake inadumu. RAM haiongezwi: ukinunua ya GB 8, ndiyo hiyo hiyo. Muuzaji aifute mbele yako, kisha uiwashe kwa bando la simu yako. Ikidai akaunti ya mwenyewe wa zamani, irudishe mezani uondoke.

FreeBSD naiweka ya tatu, juu ya T480 ile ile. Inafundisha sana, lakini Wi-Fi ya laptopu huko inataka uvumilivu.

MacBook Pro ya 2012 ni ya mwisho. Inang'aa, na wengi huisifia cheti. Toleo lake la mwisho rasmi la macOS ni Catalina, ambayo Apple haiitolei tena viraka vya usalama. Kama unayo tayari, weka SSD na Debian uendelee kusoma.